Picha ya Mama Kwenye Fulana

Nyumbani kwa Mama,
Nyuma ya ghala la mbao.
9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kijiko,

Salamu zangu zikukute mzima, umerudi kazini salama, umevua viatu na umepata kitu cha moto cha kunywa. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho tulipozungumza vizuri uliniambia maboksi ya pale ghalani yanakubana kiunoni, na kwamba ule mkanda mliopewa kazini ni pambo tu. Na baridi je? Shangazi anauliza kila siku kama umenunua blanketi zito au bado unalalia makoti.

Sisi huku tunaendelea. Shemeji yako kifua kilimsumbua kidogo, lakini sasa anapumua kama watu wengine. Wapwa zako wazima. Yule mkubwa sauti imevunjika, akipokea simu watu wanadhani ni baba yake, na yeye hana haraka ya kuwarekebisha. Shangazi mguu umepungua kuvimba tangu aanze zile dawa ulizomtumia. Anakuombea kama kawaida yake, ila siku hizi akikuombea analia.

Usishangae kupata barua ya karatasi zama hizi. Namba yangu umeifungia, ya shemeji yako umeifungia, na kwenye kundi la familia ulitoka bila kuaga. Anwani yako nimeinakili kwenye boksi la dawa za shangazi. Tena karatasi ina uzuri wake: ukimaliza kuisoma inabaki pale ulipoiweka.

Nakuomba uisome ukiwa umekaa. Hii si barua ya ugomvi. Ukifika mahali ukahisi damu inachemka, iweke mezani, kanawe uso, halafu urudi. Hutakuta nimeondoka.

Chumba cha Mama tulikifungua mwezi uliopita. Tumefua mapazia, tumepaka chokaa ule ukuta uliokuwa unavuja. Nguo zake tumezigawa, ila lile sweta la kijivu nimekuwekea, maana ndilo ulilokuwa unavalishwa ukiumwa utotoni, mikono inakufika magotini. Kaburi lilishuka kidogo kwa mvua. Mafundi wamelijaza udongo, tunasubiri litulie ndipo tulijengee.

Sasa niingie kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Kazi yangu unaijua. Pale dukani tunachapa kila kitu: kadi za harusi, vitambulisho, matangazo ya vyumba vya kupanga, na msimu kama huu wa kampeni, fulana. Wenye kofia wa chama cha ng'ambo ya reli wanakuja, wenye skafu wa chama cha huku sokoni wanakuja, wanapanga foleni moja huku wamepeana migongo. Tajiri wangu husema wino hauna chama. Nilikuwa nikicheka.

Jumanne iliyopita aliingia mama mmoja wa makamo, skafu shingoni, mtu mwenye heshima zake. Alimsalimia kila mtu dukani, mpaka fundi aliyekuwa juu ya ngazi anabadilisha taa. Akanipa simu yake nihamishie picha kwenye kompyuta, wanataka fulana za mkutano wa Jumamosi. Nilipoifungua kwenye skrini nikamwona Mama.

Ni ile ile uliyoiweka wewe kwenye ukurasa wako. Mama amelala, macho nusu, shuka limemfika kifuani. Pembeni nesi amekaa kwenye kiti, ameinamia simu, mwanga wa simu umempiga usoni. Juu yake maneno yako kwa herufi nyekundu: MAMA ANAKUFA, WAO WANACHATI. Mgongoni mwa fulana waliandika: SISI SOTE NI SAUTI YA MAMA.

"Utaweza kuikuza kidogo?" yule mama aliniuliza. "Uso wa nesi uonekane vizuri."

Nikamuuliza, "Na wa mgonjwa?"

"Wa mgonjwa hata ukififia si neno."

Kijiko, niliachia kipanya. Nikamwambia, "Huyu mgonjwa ni mama yangu mzazi." Unajua alifanya nini? Alizunguka kaunta akanikumbatia, akalia machozi ya kweli. Si machozi ya kuigiza, yaliniloanisha bega. Akaniambia, "Pole sana mwanangu. Sasa ni mama yetu sote." Kisha akapangusa uso, akarudi kwenye benchi kusubiri fulana zake.

Nilikataa kuzichapa. Tajiri aliniita nyuma, kwenye chumba cha karatasi. Akasema kazi ni kazi, nisipochapa mimi atachapa jirani. Nikamwambia basi achape jirani. Alinitazama, akaenda akaitazama ile picha kwenye skrini kwa muda. Halafu akamwendea yule mama akamwambia samahani sana, mashine imeharibika. Mashine ilikuwa inanguruma nyuma yake.

Kesho yake nikawa na chama. Mtu mmoja aliandika kwenye ukurasa wako kwamba dada wa Sauti ya Mama, jina unalojiita siku hizi, amenunuliwa na wenye kofia, na wengi wakamuunga mkono. Nilisubiri umjibu. Pengine hukuuona ule ujumbe, maoni kwako ni mengi. Lakini tangu siku hiyo, yule dada wa duka la vitambaa niliyezoea kunywa naye chai saa nne anakunywa chai yake ndani.

Jioni ya Alhamisi wakaja wenye kofia. Wanaume wawili, wapole, wamevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mmoja akakaa kwenye kiti cha Mama, nikashindwa kumwambia ahame. Walitaka niongee mbele ya kamera, niseme ndugu yangu ni mwongo.

Nikawaambia, "Ndugu yangu si mwongo. Amekosea."

"Tofauti hiyo haitaonekana kwenye video," yule wa kwenye kiti alisema.

Niliwasindikiza mpaka barabarani. Hivyo ndivyo ninavyoishi sasa. Wa upande wa sokoni wananiita msaliti, wa ng'ambo ya reli wananiona nimebakiza hatua moja tu niwe wao. Kumbe ukikataa kuwa wa huku, watu wanakuhamisha wenyewe.

Nirudi sasa kwenye ile picha. Ukweli wake nilijaribu kukuambia siku ya mazishi, kwa simu, nikiwa nimejificha nyuma ya tangi la maji nisisikike. Uliniuliza swali moja tu, nipo upande gani, halafu ukakata. Kwa hiyo hukuwahi kuusikia. Usome leo.

Jioni ile Mama alikuwa na nafuu kidogo. Alikuwa ameomba uji, akanywa vijiko viwili vitatu, akasema umekosa sukari, na ulikuwa na sukari tele. Ndipo ujumbe wako wa sauti ukaingia kwenye simu yangu. Nilijaribu kumsikilizisha, lakini unaijua simu yangu, spika inakwaruza, na chaji ilikuwa inaishia. Mama akawa anakunja uso, anauliza, "Anasema nini? Anasema nini?"

Nesi alikuwa anabadilisha maji ya dripu. Akaniambia, "Nitumie mimi, dada. Yangu inasikika." Nikamtumia. Akavuta kiti, akakaa, akainama, akamwekea Mama simu karibu na sikio huku yeye anaangalia skrini, maana Mama alikuwa akitaka ujumbe urudishwe nyuma kila mara. Alimrudishia tena na tena bila kuchoka. Mama akasema, "Huyu ana mafua. Sauti imekauka. Mwambieni afunge shingo."

Shangazi aliingia wakati huo. Kwa mapenzi yake akapiga picha, akakutumia, akaandika, "Mama yako huyu hapa, tumwombee." Hakuwa na nia nyingine. Hakujua kilichokuwa kinasikilizwa, alijua tu kwamba wewe uko mbali na unataka kumwona.

Kwa hiyo kile nesi alichoshika pale, mdogo wangu, ni wewe. Ni sauti yako.

Asubuhi yake, mara baada ya chai, moyo wa Mama ulisimama. Daktari alikuwepo, nesi alikuwepo ingawa zamu yake ilikuwa imekwisha, na mimi nilikuwepo nimeshika miguu yake. Walihangaika naye mpaka jasho likawa linadondoka kwenye shuka. Hakuna aliyelala, hakuna aliyechati. Daktari alituambia moyo wenyewe ulikuwa umechoka miaka mingi, na wewe na mimi tulikuwa tukijua hivyo.

Naelewa ilivyokuwa kwako. Habari ilikufikia peke yako, kwenye chumba cha ugenini, hakuna mkono wa kushika, hakuna jeneza la kubeba, hata udongo wa kutupa huna. Ukafungua simu, ukakuta ile picha ya jana yake. Ukashika ulichokiona. Ningekuwa mimi, sijui ningeshika nini.

Lakini juzi nilikaa nikasoma posti zako zote tangu siku ile, kwa mpangilio, kupitia simu ya mpwa wako. Ya kwanza uliandika, "Nesi alikuwa kwenye simu wakati mama yangu anakata roho. Nimeumia." Basi. Ilikuwa ya mtoto aliyefiwa. Chini yake mtu akauliza, "Huyo nesi ni wa wapi?" Mwingine akamjibu kwamba hospitali ile imejaa watu wa ng'ambo ya reli, na ng'ambo ya reli wote ni wenye kofia. Kufika jioni ukawa huandiki tena "nesi". Ukawa unaandika "wao".

Kabla ya hapo ukurasa wako ulikuwa wa kutuchekesha. Sufuria ulizounguza, theluji ulipoteleza ukaanguka na mkate mkononi, yule paka wa jirani anayelala kwenye buti zako. Leo hata jina lako halipo. Umekuwa Sauti ya Mama, una watu wengi kuliko wakazi wa mtaa wetu wote, na kila asubuhi wanasubiri uwaambie leo ni nani aliyemuua.

Nadhani nimeelewa jambo moja, na nikikosea unisamehe. Pale ghalani uliniambia wanakuita kwa namba iliyo mgongoni mwa koti. Miaka yote hiyo hakuna aliyekuita kwa jina ukafurahi. Ghafla maelfu wanakuita kiongozi, wanakuita ndugu, wanalia nawe. Kulaumu kumekupa jina na jamaa. Ndiyo maana nikikuambia achana nayo, unasikia kama nakuambia ubaki peke yako tena.

Niliyoyaona nimeyasema pia, usidhani nilinyamaza. Niliyaeleza mbele ya kamati ya hospitali, wakaandika, wakabandika majibu yao kwenye ubao ambao watu hutundikia miavuli. Niliyaandika hata kwenye ukurasa wangu mwenyewe. Shangazi akaweka alama ya moyo, shemeji yako akaweka moyo, ikaishia hapo. Haikuwa na mtu wa kumchukia ndani yake, kwa hiyo haikwenda popote.

Ijumaa nilikwenda kwa nesi.

Unavuka reli pale kwenye karakana ya magari, unapita nyumba za mabati mapya, yake ni ile yenye ngazi za saruji. Madirisha ya mbele yamezibwa kwa makaratasi ya boksi. Wiki mbili nyuma watu walipita wakatupa mawe huku wanaimba jina la ukurasa wako. Baba yake, mzee aliyekuwa fundi saa, alikuwa amekaa dirishani akisikiliza redio. Kipande cha kioo kilimwingia jichoni. Nilimkuta amefungwa bandeji, akanisalimia vizuri sana, akaniuliza kama nimekuja kwa miguu, kwamba jua ni kali. Hakujua mimi ni nani, nami sikuthubutu kumwambia.

Mlangoni kulikuwa na vijana wenye kofia wanalinda. Ndani, ukutani, kofia nyingine imetundikwa kwenye msumari. Nesi amekonda. Wamemwondoa wodini wamempeleka stoo, kutwa nzima anahesabu glavu.

"Nilifikiri utakuja mapema," aliniambia.

"Nilikuja mara mbili, nikaambiwa hupo."

"Nilikuwepo."

Tukakaa. Alinikaribisha maji, nikanywa. Nikamwambia nilichokuja kusema, kwamba mimi najua, na nashukuru kwa alivyomtunza Mama, na naomba radhi kwa niaba ya nyumba yetu. Alisikiliza mpaka mwisho huku anakunja na kukunjua ncha ya khanga yake. Halafu akasema, "Nyinyi watu wa sokoni ndivyo mlivyo. Mnavunja mchana, mnakuja kupangusa baadaye."

Nikashtuka, Kijiko. Si kwa ukali wake, ana haki ya kuwa mkali. Nilishtuka kwa lile neno "nyinyi". Siku zile za wodini alikuwa akituita mama, dada, shangazi, kila mtu kwa nafasi yake. Leo mimi ni kipande cha kundi, kama alivyokuwa yeye kwenye maneno yako.

Nadhani aliona ninavyoitazama ile kofia ukutani. Akasema, "Mimi sikuwa na chama. Mume wangu alikuwa akinicheka, sijui hata diwani wangu ni nani. Lakini siku ile waliokuja kufagia vioo walikuwa wamevaa hizo. Wa kwenu sikumwona hata mmoja. Ulitaka nifanye nini?"

Nikamalizia maji yangu.

Nilipoinuka kuaga, akanishika mkono akanirudisha kwenye kiti. Akapunguza sauti, wale wa mlangoni wasisikie.

"Ule ujumbe wa mdogo wako bado ninao."

Unajua ulisema nini mle. Ulilia mpaka maneno yakakatika. Ulimwomba Mama radhi kwamba alikuita mwezi ule na hukuja, ukasema ni kosa lako na hutajisamehe. Nikawaza ule ujumbe ukichezwa kwenye vipaza sauti vya mkutano, na watu wanacheka.

"Wanakuja kila mara kuniuliza kama nina kitu cha kumnyamazisha," aliendelea. "Nawaambia sina."

Nikamuuliza kwa nini anawaambia hivyo, wakati kingemsafisha mara moja.

"Mtu analia kwa mama yake. Hicho si kitu cha kuonyesha watu." Akatazama dirisha lililozibwa. "Lakini mimi si malaika, dada. Daktari wa macho anamwona baba wiki ijayo. Likipotea lile jicho, sijui nitawaambia nini."

Halafu akaniuliza kama ulipata jibu la Mama. Nikamwambia hukunipa nafasi ya kukupa. Akainua uso akanitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona yule nesi wa wodini.

"Basi mwandikie," akasema. "Jibu la mama yake alipate."

Ndiyo maana unaisoma barua hii. Nami nakuambia wazi ili lisije likakushtua baadaye: ujumbe ule ninao pia, na saa niliyoutuma kwake imeandikwa pale pale. Shemeji yako aliniambia niutoe, yaishe. Nimekaa nao, nimeshika simu mkononi mara nyingi. Nikiutoa nesi anapona, wewe unaangamia. Sitautoa. Lakini ujue kwamba kati yako na aibu ile wamesimama wanawake wawili tu, na mmoja wao ni yule unayemwita muuaji.

Sikuandikii ili nikupe mtu mwingine wa kumlaumu, wala ujilaumu wewe. Lawama imeshafanya kazi ya kutosha kwenye familia hii. Ninachokuomba ni uitoe ile picha. Useme kwa maneno yako mwenyewe, marefu au mafupi, kwamba ulikosea juu ya yule nesi. Huna haja ya kueleza ya ule ujumbe, hayo ni yako na Mama.

Najua gharama yake. Watu wale wote watakugeukia mchana mmoja. Wataanza kukuuliza umelipwa na nani na upo upande gani, na utaona swali hilo linavyouma likielekezwa kwako. Wengine waliolia nawe watakutukana kwa nguvu ile ile waliyolia nayo. Sitakudanganya kwamba haitakuwa hivyo. Nakuambia tu kwamba simu yangu haizimwi, na ukiifungua namba yangu hata saa ya kazi, nitaacha mashine nitoke nje tuongee.

Haya, nifunge, karatasi inaniishia na watoto wanataka meza.

Shemeji yako anakusalimu. Ana hasira na wewe, lakini ndiye aliyekwenda kununua stempu. Shangazi anakusalimu sana. Tangu ajue picha yake imefanya nini hataki tena kushika simu, anasema afadhali awe anatembea kuwasalimia watu, na kwa mguu ule hafiki mbali. Ukimpigia hata yeye itamsaidia. Mpwa wako mkubwa anakusalimu, anataka kujua kama paka wa kwenye buti bado yupo. Mdogo wake amekuchorea nyumba, nimeikunja humu ndani. Dirisha ni kubwa kuliko mlango, usimcheke. Mzee wa jirani, yule aliyekufundisha kuendesha baiskeli, anasema anakukumbuka na hasemi zaidi ya hapo.

Salamu ya mwisho ni ya Mama. Jioni ile, alipomaliza kukusikiliza, aliisukuma taratibu simu ya nesi akafumba macho. Tulidhani amelala. Halafu akasema, taratibu lakini wazi, nami nilikuwa nimekaa miguuni pake nikisikia kila neno:

"Mwambieni nilimwita kwa hamu tu, hapakuwa na kazi ya kufanya hapa. Hata angekuja, moyo wangu ungekuwa huu huu."

Mungu akulinde kwenye baridi hiyo, mdogo wangu, na akupe usingizi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda leo kama siku zote,

Dada Mkubwa.